Aliyelalamika na alichonukuu: shajara ya kunasa makosa ya njia kwenye mtandao wa chuo

Jumatatu

Malalamiko yaliyo mezani ni matatu. Kiungo cha redio kati ya makao makuu ya chuo, Tanga mjini, na tawi la Muheza kinajaa kila asubuhi, hata siku ambazo wanafunzi wako likizo. Ofisi ya uhasibu ya tawi la Lushoto inaingia vizuri kwenye mfumo wa ada, lakini ikiita orodha ya kozi nzima, ukurasa unabaki mweupe. Na tangu tuanze kutumia watoa huduma wawili wa intaneti, kuna saa ambazo waombaji walio nje hawaifikii kabisa seva ya maombi ya kujiunga, huku sisi tulio ndani tukiiona nzima.

Yote matatu yamekuwa yakijibiwa kwa dawa moja: zima ruta (kifaa kinachochagua njia ya data), subiri kidogo, washa. Dawa hiyo huleta nafuu ya muda na kufuta ushahidi wote. Nimemwomba mkuu wa kitengo tufanye kinyume chake: tuziache ruta ziendelee na kazi pamoja na matatizo yake, tunase zinachosema. Amekubali. Ruta zetu zote ni kompyuta ndogo zinazoendesha Linux, na Linux haikai kimya ikishindwa kupeleka pakiti, yaani kipande cha data kinachosafiri mtandaoni.

Lugha inayotumika kusema hivyo ni ICMP, itifaki iliyoelezwa na Jon Postel katika RFC 792 ya Septemba 1981, mojawapo ya hati za kanuni za intaneti. Ruta ikishindwa, humrudishia mtumaji ujumbe mfupi wenye mambo mawili. La kwanza ni sababu, inayotajwa kwa namba mbili, aina na msimbo: aina 3 ni kutofikika, aina 5 ni kuelekezwa njia nyingine, aina 11 ni muda kwisha. La pili ni nukuu ya pakiti yenyewe iliyoshindikana: kichwa chake cha IP pamoja na angalau baiti 8 zinazokifuata. Ni kama barua iliyorudishwa na posta ikiwa ndani ya bahasha yake ileile: mhuri unasema kwa nini imerudi, na bahasha inasema ilitoka wapi na ilikuwa ikienda kwa nani.

Wengi wetu tukifungua mnaso husoma mhuri tu. Tunaona anwani ya ruta iliyolalamika, tunaanza kuilaumu ruta hiyo. Kanuni ya mradi huu, niliyoibandika ukutani juu ya meza ya zamu, ni kwamba hakuna kosa litakaloandikwa humu bila majibu ya maswali mawili: nani amelalamika, na amenukuu pakiti ipi. Aliyelalamika anatupa mahali. Alichonukuu kinatupa safari.

Kwa atakayesoma baadaye: Tanga ni 10.10.0.0/16, Muheza ni 10.20.0.0/16, Lushoto ni 10.30.0.0/16. Alama ya /16 ni anwani zote zinazoanza na namba mbili hizo za kwanza; /24 ni zinazoanza na namba tatu. Anwani za umma nimezibadilisha kwa zile zilizotengwa kwa ajili ya mifano, ili shajara iweze kusambazwa.

Jumatatu jioni

Mtego, kwa programu ya kunasa pakiti iitwayo tcpdump, umewekwa kwenye ruta ya mpakani, Tanga:

`tcpdump -n -i any -G 3600 -w /var/makosa/saa-%H.pcap 'icmp and icmp[0] != 0 and icmp[0] != 8'`

Baiti ya kwanza ya ICMP ni aina. Nimeondoa 8 na 0, yaani maombi na majibu ya `ping`, programu ya kuuliza kama kifaa kipo, kwa sababu mfumo wa ufuatiliaji hupigia kila kifaa usiku na mchana na ungeyafunika makosa yenyewe. Chaguo la `-n` ni la lazima: bila hilo, tcpdump ikionyesha mnaso hutafuta majina ya anwani kwa DNS, huduma ya kuoanisha majina na anwani, na kuongeza trafiki yake mwenyewe kwenye mtandao tunaouchunguza. Faili hubadilika kila saa, na kwa kuwa jina lina saa peke yake, faili ya leo saa nne itafutwa na ya kesho saa nne. Nimefanya hivyo kwa makusudi. Linux hainukuu baiti 8 tu. Hufuata RFC 1812 ya mwaka 1995 na kunukuu kadiri inavyowezekana mradi ujumbe mzima usizidi baiti 576. Ndani ya nafasi hiyo kinaweza kuingia kipande cha data ya mtu. Tunaosoma faili hizi ni wawili, na hazitoki kwenye mashine hiyo.

Mambo mawili ya kukumbuka kabla ya kuhesabu chochote. Kwanza, `-i any` huinasa pakiti inayopita mara mbili, ikiingia na ikitoka. Pili, Linux hujizuia isiseme sana: kwa kawaida ujumbe wa aina 3 na 11 kwenda kwa mtumaji mmoja hutolewa kwa kipimo, na mpangilio wa `icmp_ratelimit` ni milisekunde 1000. Kwa hiyo idadi ya makosa kwenye faili si idadi ya pakiti zilizopotea. Inaweza kuwa ndogo mno kuliko hiyo. Atakayechora grafu ya makosa na kuiita grafu ya hasara atadanganyika.

Jumanne

Faili ya saa moja asubuhi ni nzito kuliko zote. Karibu yote ni aina 11, msimbo 0: umri wa pakiti, yaani TTL, namba inayopunguzwa moja na kila ruta, umekwisha njiani.

`IP 10.255.1.2 > 10.10.3.44: ICMP time exceeded in-transit, length 86`

Aliyelalamika, 10.255.1.2, ni ruta ya Muheza upande wa redio. Jambo la kwanza ambalo mtu mwenye uzoefu hulifikiria ni kwamba kuna anayeendesha `traceroute`, kwa kuwa programu hiyo hutuma kwa makusudi pakiti zenye umri mfupi ili ruta zilalamike moja baada ya nyingine. Hapo ndipo nukuu inapohitajika. `traceroute` ya kawaida kwenye Linux hupeleka pakiti za UDP, zinazotumwa bila kusubiri uthibitisho, kuanzia mlango (namba ya huduma kwenye kompyuta) wa 33434 kwenda juu. Nukuu yetu inasema jambo jingine:

`10.10.3.44.51022 > 10.20.77.19.161`

Mlango 161 ni SNMP, itifaki ya kuhoji vifaa. Kompyuta ya 10.10.3.44 iko stoo ya vifaa vya ofisi, na ina programu ya kusimamia printa iliyowekwa ikague mtandao wote wa chuo kila asubuhi ikitafuta printa mpya. Nilipopanga nukuu kwa anwani za mwisho, zilikuwa 10.20.77.19, 10.20.77.20, 10.20.77.21, mfululizo, kisha 10.20.78 na kuendelea. Muheza hatuna 10.20.77. Tuna 10.20.1, 10.20.2 na 10.20.5 tu.

Hapo kitanzi kilijichora chenyewe. Ruta ya Tanga ina mstari mmoja wa muhtasari: kila kilicho ndani ya 10.20.0.0/16 kipelekwe Muheza. Ruta ya Muheza inaifahamu mitandao yake mitatu, na kwa kila kitu kingine ina njia ya msingi inayorudi Tanga. Pakiti ya kwenda 10.20.77.19 inafika Muheza, haikuti mtandao wake, inarudishwa Tanga. Tanga inaona ni 10.20, inaipeleka Muheza. Inakwenda na kurudi mpaka umri wake uishe.

Ukubwa wa hasara unahesabika. Kompyuta ya Windows huanza na TTL ya 128. Ruta ya Tanga inaitoa ikiwa 127, Muheza inaipokea na kuirudisha ikiwa 126, na kadhalika. Inafia pale inapopokelewa ikiwa na 1. Maana yake pakiti moja ndogo ya kutafuta printa imevuka redio mara 127. Programu ile inakagua anwani elfu nyingi. Kumbe kiungo hakijazwi na watu. Kinajazwa na pakiti zisizo na pa kwenda.

Kuna jambo lililomsumbua mwenzangu wa zamu, na nimefurahi kwamba aliliuliza. Katika faili hiyohiyo yapo malalamiko ya aina 11 yanayotoka kwenye ruta ya Tanga yenyewe. Akasema, "Kaka, sasa ruta mbovu ni ipi?" Nukuu ikajibu. Malalamiko ya Tanga yote yananukuu seva ya ufuatiliaji, ambayo iko nyuma ya fayawoli, ukuta wa kuchuja trafiki, na huanza na TTL ya 64. Fayawoli inapunguza moja, kwa hiyo Tanga inaipokea ikiwa 63. Tanga inapokea namba witiri, Muheza inapokea namba shufwa, na anayepokea 1 ndiye anayelalamika. Kwa kompyuta zisizopita fayawoli mambo yanageuka: Tanga inapokea shufwa, Muheza witiri, Muheza inalalamika. Kwa hiyo ukiona ruta mbili jirani zikilalamika umri kwisha kuhusu mtandao mmoja, usichague ya kulaumu. Tazama jozi.

Tiba ni mstari mmoja Muheza, njia ya shimo inayotupa kila kinachoelekezwa humo:

`ip route add blackhole 10.20.0.0/16`

Njia mahususi zaidi hushinda, kwa hiyo /24 tatu za Muheza zinaendelea kama kawaida. Kisichokuwamo kinafia papo hapo badala ya kurudi Tanga. Nimeongeza mstari huo huo kwa 10.30.0.0/16 kwenye ruta ya Lushoto kabla kasoro hiyohiyo haijajitokeza huko. Kila tawi linalopewa muhtasari na kurudisha njia ya msingi kwa aliyelipatia muhtasari huo linahitaji shimo la namna hii. Ningependa liwe sharti la kuwasha tawi lolote jipya.

Jambo moja la pembeni kwa mafundi wenzangu. Kitanzi hiki kilionekana kwa sababu `rp_filter`, ukaguzi wa kama pakiti imeingia kwa upande unaolingana na chanzo chake, kwenye ruta ya Tanga imelegezwa, kwa ajili ya watoa huduma wawili. Laiti ukaguzi ungekuwa mkali, pakiti yenye chanzo cha 10.10 inayoingia kutoka upande wa redio ingetupwa kimya iliporudi mara ya kwanza. Redio ingepumua, na tusingepata kosa hata moja la kusoma.

Jumatano

Asubuhi redio ilikuwa tulivu. Programu ya printa imekagua mitandao yake, ikakosa, ikanyamaza.

Nimetumia siku kupalilia makosa mengine yaliyo kwenye faili, maana sasa yanaonekana.

Mengi ni aina 3, msimbo 3: mlango haufikiki. Nukuu zinaonyesha chanzo ni mlango wa 53. Hayo ni majibu ya DNS yaliyochelewa. Kompyuta ilishachoka kusubiri na kufunga mlango wake. Si tatizo la njia, ni dalili kwamba DNS yetu ni nzito kwa saa fulani. Nimeliandika pembeni.

Kuna 3/1, kifaa hakifikiki:

`IP 10.255.1.2 > 10.10.3.18: ICMP host 10.20.2.9 unreachable, length 60`

Ruta ya Muheza imefika mwisho wa safari, imeuliza kwa ARP "nani mwenye 10.20.2.9?" na haikujibiwa. Kwenye Linux malalamiko haya huja kama sekunde tatu baada ya pakiti ya kwanza, kwa sababu huuliza mara tatu kabla ya kukata tamaa. Kwa maneno mengine njia ni nzima hadi mlangoni, na mwenye nyumba hayupo. Kamera ya lango ilibadilishiwa anwani, jina lake kwenye DNS halikubadilishwa. Imekwisha.

Na kuna 3/13, kupita kumekatazwa na msimamizi, kutoka kwenye ruta za nje. Wanaotuma hivyo nawashukuru. Wangeweza kutupa pakiti bila kusema. Wamechagua kutuambia kwamba tatizo ni sera yao, nasi hatupotezi muda kutafuta njia iliyovunjika.

Machache yananukuu pakiti ambazo hatukuzituma. Chanzo kwenye nukuu ni anwani yetu ya umma, lakini hakuna mtiririko kama huo uliotoka kwetu. Mtu fulani duniani anaghushi anwani zetu, na makosa ya pakiti zake yanarudi kwetu. Haya nayatenga kwa skripti: nukuu isiyo na mwenzake kwenye rekodi za mitiririko iliyotoka haihesabiwi.

Alhamisi

Lushoto. Milima haituruhusu redio, kwa hiyo tawi limeunganishwa kwa handaki la GRE, linalofunga pakiti ndani ya pakiti nyingine, kupitia intaneti ya kawaida ya kule, ambayo ni PPPoE, muunganisho unaoongeza kichwa chake kwenye kila pakiti. Nilimpigia mhasibu ili anisimulie mwenyewe, badala ya kusoma tiketi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kuingia naingia. Nikimtafuta mwanafunzi mmoja, anakuja. Risiti nikituma, inakwenda. Ila nikiita orodha ya kozi nzima, pananyamaza."

Maelezo hayo yana thamani kuliko tiketi zote tulizoandikiwa. Kidogo kinapita pande zote mbili. Kikubwa kutoka Lushoto kinapita. Kikubwa kwenda Lushoto kinakwama. Ukisikia ukubwa na upande katika sentensi moja, fikiria MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti inayoweza kupita.

Hesabu: etheneti hubeba baiti 1500. PPPoE inakula 8, inabaki 1492. GRE juu yake inakula 24, inabaki 1468. Pakiti ya 1500 haiwezi kuingia kwenye handaki. Nayo seva za kisasa hutuma pakiti za TCP (zinazotumwa kwa uthibitisho na kurudiwa zikipotea) zikiwa na alama ya kukataza kukatwa vipande, kwa sababu zinategemea utaratibu ulioelezwa na Jeffrey Mogul na Steve Deering katika RFC 1191 ya Novemba 1990: tuma kubwa, ukiambiwa ni kubwa mno punguza. Ujumbe wa kuambiwa ni aina 3, msimbo 4, na tangu hati hiyo ujumbe hubeba pia kipimo kinachotakiwa. Utaratibu wote umeegemea ujumbe huo mmoja. Usipofika, seva itaendelea kutuma kubwa hadi muunganisho ufe.

Na ujumbe upo kwenye mnaso:

`IP 10.10.0.1 > 10.10.5.20: ICMP 10.30.2.15 unreachable - need to frag (mtu 1468), length 556`

Ruta yetu ya mpakani inaiambia seva ya ada, waziwazi, punguza hadi 1468. Kwa hiyo ruta inafanya wajibu wake. Swali ni kama seva inasikia.

Nukuu ikatoa jibu kabla sijaigusa seva. Baiti 8 za kwanza za TCP ni mlango wa chanzo, mlango wa mwisho, na namba ya mfuatano. Nilipanga malalamiko ya muunganisho mmoja: namba ya mfuatano ni ileile katika yote, na muda kati ya moja na jingine unaongezeka takriban maradufu kila mara. Hiyo ni seva inayorudia pakiti ileile, kwa ukubwa uleule, ikisubiri zaidi kila inaposhindwa. Seva iliyosikia isingefanya hivyo. (Na hapa kuhesabu ni halali: Linux haiweki kipimo kwenye ujumbe wa ukubwa, hutoa wote.)

Jambo la pili kwenye nukuu ni TTL ya 63. Seva huanza na 64, kwa hiyo pakiti ilivuka kifaa kimoja kabla ya kufika kwenye ruta. Kifaa hicho ni fayawoli. Pakiti ya kwenda imepita pale; malalamiko ya kurudi hayakupita. Niliweka mnaso kwenye miguu yote miwili ya fayawoli: upande wa ruta ujumbe unaingia, upande wa seva hautoki. Nikafungua kanuni. Juu kabisa kuna mstari unaotupa ICMP yote inayokwenda kwenye seva ya ada, na chini yake ndipo ulipo mstari unaoruhusu miunganisho iliyokwisha kuanza na yale yanayohusiana nayo.

Nitalisema hili kwa uwazi kwa sababu nimelikuta katika mitandao mingi: kufunga ICMP yote kwa jina la usalama ni kuukata mtandao ulimi. Hati ya RFC 2923 ya mwaka 2000 ilishaeleza tatizo hili kwa kirefu na hata kulipa jina la shimo jeusi. Ukitaka kuzuia `ping` kutoka nje, zuia aina 8. Malalamiko ya aina 3 na 11 yaache yapite.

Ijumaa

Tiba haikuhitaji hata kanuni mpya. Ufuatiliaji wa miunganisho wa Linux huitambua nukuu ndani ya ICMP, huilinganisha na muunganisho ulio hai, na kuuhesabu ujumbe kuwa unahusiana nao. Kwa hiyo imetosha kupandisha mstari wa pili juu ya wa kwanza:

`iptables -I FORWARD 1 -m conntrack --ctstate ESTABLISHED,RELATED -j ACCEPT`

Malalamiko ya kughushi yasiyo na muunganisho bado yanatupwa. Kwenye seva, `ip route get 10.30.2.15` sasa inaonyesha `mtu 1468` pamoja na muda wa kuisha. Kumbukumbu hiyo hudumu dakika 10, kisha seva hujaribu tena kubwa, huambiwa tena, hupunguza tena. Huo ndio mwendo sahihi. Kwa `ping -M do -s 1440` kutoka kwenye seva, pakiti inafika Lushoto, kwa kuwa 1440 na baiti 28 za vichwa ni 1468. Kwa 1441 tunapata kosa na kipimo.

Mwenzangu alipendekeza tubane MSS, kiasi cha data katika pakiti moja ya TCP, iwe 1428 kwenye handaki na tusiiguse fayawoli. Ingefanya kazi, na wengi ndivyo wafanyavyo. Lakini inaiponya TCP peke yake. Kila kitu kinachokwenda kwa UDP kingebaki gizani, na ukuta usiosikia ungebaki pale ukisubiri tatizo jingine. Tumeiweka kama akiba, baada ya kuurekebisha ukuta.

Mama mhasibu amepiga mwenyewe. Orodha ya kozi nzima imekuja.

Jumatatu iliyofuata

Lalamiko la tatu limekuwa gumu kwa sababu mtego hauna kitu. Saa zile waombaji wanapokwama, hakuna ICMP yoyote inayoihusu seva ya maombi. Hakuna aliyelalamika, hakuna kilichonukuliwa.

Kimya nacho husomeka ukikijua kimetoka wapi. Ruta zetu zilizo kwenye njia ya seva hii tunajua husema. Kwa hiyo pakiti zinafia mahali ambapo aliyezitupa ameamua kutosema, na hilo linaelekeza kwenye kichujio. Nimeacha mtego wa makosa, nikanasa mwanzo wa miunganisho kwenye violesura viwili vya nje kwa wakati mmoja, `wan1` ya mtoa huduma wa faiba na `wan2` ya yule wa akiba, kwa kichujio cha `tcp[tcpflags] & tcp-syn != 0`.

Picha ilikuja mara moja. Ombi linaingia kwa `wan1` kwenda 198.51.100.20, anwani ya umma ya seva. Jibu linatoka kwa `wan2`. Sekunde moja baadaye ombi lilelile linarudiwa, kisha baada ya mbili, kisha nne. Jibu halimfikii mwombaji.

Sababu: kila faiba inapoyumba, skripti ya akiba huhamishia njia ya msingi `wan2`. Faiba ikipona, skripti husubiri muda mrefu kabla ya kurudi, na katika muda huo maombi yanaingia tena kwa faiba huku majibu yakitokea upande wa pili, yakiwa na chanzo cha anwani za mtoa huduma wa kwanza. Mtoa huduma wa pili anaona pakiti yenye chanzo asichompa mteja wake, anaitupa. Yuko sahihi kabisa. Ndivyo RFC 2827 ya mwaka 2000 inavyotaka, ili kuzuia anwani za kughushi. Ni kinga ileile ambayo laiti ingekuwa kila mahali, tusingepata zile nukuu za kughushi za Jumatano.

Kwa hiyo njia ya kutokea lazima ichaguliwe kwa chanzo, si kwa mwisho peke yake:

`ip route add default via 198.51.100.1 dev wan1 table 101`
`ip rule add pref 100 to 10.0.0.0/8 lookup main`
`ip rule add pref 200 from 198.51.100.16/28 lookup 101`

Kanuni ya pref 100 isisahauliwe. Bila hiyo, seva ikijibu kompyuta ya ndani, jibu lingesoma jedwali la 101, lenye njia ya nje tu, na lingepelekwa kwa mtoa huduma. Wa nje wangepona, wa ndani wangeugua.

Jioni, baada ya saa za kazi, tumeing'oa faiba kwa mkono, tukasubiri skripti ihamie `wan2`, tukairudisha. Ndani ya kipindi kilekile cha hatari, maombi yameingia kwa `wan1` na majibu yametoka kwa `wan1`. Mwenzangu alijaribu fomu kwa simu yake, akitumia bando lake nje ya mtandao wa chuo, ikafunguka.

Jumatano

Mkuu wa kitengo anataka IPv6, toleo jipya la itifaki ya IP, iwashwe Lushoto muhula ujao. Kabla ya hapo fayawoli inakaguliwa upya, kwa sababu kule hakuna nafasi ya uzembe: katika IPv6 ruta za njiani hazikati pakiti vipande kamwe, na ujumbe wa "pakiti ni kubwa mno" ni aina 2 ya ICMPv6, wenye aina yake peke yake. Njia yoyote lazima ibebe angalau baiti 1280; kati ya hapo na 1500 kila kitu kinategemea ujumbe huo kufika.

Kichujio cha kunasa ni rahisi kuliko cha zamani, kwani ICMPv6 imegawa namba vizuri: makosa yote yako chini ya 128, mengine yote ni 128 kwenda juu.

`tcpdump -n -i any -G 3600 -w /var/makosa/sita-%H.pcap 'icmp6 and ip6[40] < 128'`

Umewashwa leo mchana kwenye ruta ya Tanga na ya Lushoto. Zamu ya usiku isome nukuu za faili ya saa mbili na kuziandika hapa chini, kila moja ikiwa na majibu ya maswali yote mawili.